Karani wa Mizani

Uwanja wa Haren, nje kidogo ya Brussels,
Machi ya mwaka wa ishirini na nne.
Kabla ya tiketi kutobolewa, kabla ya kwaheri,
kila abiria hupanda juu ya mizani yangu
kama gunia la viazi,
nami husoma mshale, naandika kwa wino wa zambarau.

Hucheka pale. Wote hucheka.
Bi Hortense Delvaux, mshona kofia,
alivua koti la manyoya akataka lipimwe peke yake:
"Uzito huo ni wa mnyama, si wangu."
Kilo sitini na moja. Mnyama, nne na robo.
Bwana Rombaut, wa kitani cha Kortrijk, tisini na sita;
akanikonyeza nipunguze.
Sikupunguza.
Ghislain, kijana aendaye London kusomea meno,
hamsini na nane, pamoja na tufaha mfukoni.
Mfuko wa barua, thelathini na mbili.
Rubani hapimwi.
Evrard alikwisha kupimwa na vita,
vikamrudisha na vidole vitatu mkono wa kushoto.

Akaunyosha mkono huohuo ukunguni,
akasema kucha anaziona, basi twende.

Na ndege yenyewe, ukiitazama, ni nini?
Mbao, turubai, gundi, waya,
viti vya henzerani, pazia za lesi dirishani
kana kwamba mbingu ni sebule ya mtu.
Njia ni reli. Ukipotea unashuka chini,
unasoma jina la stesheni, unapanda tena.

Saa nne na dakika kumi simu ikalia.

Watu husema "ilianguka".
Tufaha huanguka. Hii ilishuka kuuliza njia,
ikashuka tena, chini ya paa la kanisa,
na mle ndani ya weupe wa Poperinge
zilisimama nguzo za hopi, mamia,
ndefu, tupu, zikingoja majira yao.

Godelieve Persyn alifika wa kwanza, na ndoo ya maziwa.
Hakuitua. Alizunguka nayo shambani
kama mtu aliyetumwa kwa jirani akakuta mlango umefungwa.
Kisha akaleta magunia, akawafunika.
Kisha barua.
Aliziokota matopeni mpaka giza likaingia,
akazitandaza juu ya tanuri la kukaushia hopi,
siku tatu, akizigeuza kama mkate.
Zilifika London zikinukia bia.
Wako waliocheka walipofungua.

Kampuni ilimtuma mtu mwenye swali moja:
je, uzito ulizidi?
Nikafungua daftari. Nikajumlisha mbele yake,
nikajumlisha tena alipoondoka,
na usiku, kitandani, kwa kidole juu ya shuka.
Hesabu ilikuwa sawa.
Ukungu sikuupima.
Wala mkutano wa Bwana Rombaut wa saa saba mchana,
wala aibu ya rubani, aliyeambiwa juzi
kwamba Waholanzi huondoka kwa wakati.
Tufaha niliandika. Ndiyo, nililiandika.

Koti lilirudi peke yake.
Askari alilitupa mezani pangu, limelowa,
nami, sijui kwa nini, nikaliweka juu ya mizani.
Kilo saba.
Maji, nikamwambia askari.
Maji, akasema.
Sikuandika.

Jumanne safari zikaanza upya.
Mwanamke mmoja, sanduku moja, binti wa miaka sita.
Binti akapanda, hakucheka. Mshale
ukaenda, ukarudi, ukatetemeka, ukagoma kutulia.
Nikamwambia, simama wima, mtoto.
Alikuwa wima.
Nikamwambia, usipumue.
Akabana pumzi mpaka mashavu yakavimba,
na mshale bado, huku na huku.
Ndipo alipotazama chini, akaniambia kwa upole,
"Bwana, ni mguu wako."