Binti Ametulia

Kadutu, mvua ikigonga mabati,
Mugisho huamka akipiga mateke.
Shuleni huvunja kalamu za wenzake;
walimu humwita kwa fimbo, na jina lake
linajulikana hadi kwa mlinzi wa lango.

Nsimire husonga bugali, huosha sahani,
huitika "ndiyo mama" kabla hajaitwa.
Majirani humsifu: binti ametulia.

Usiku ule mlima ulipokatika
walishikana mikono, tope hadi kifuani.
Mmoja bado anapiga teke tope.
Mwingine bado amebana pumzi.

Leo shangazi Mapendo hakumsifu.
Aliingia jikoni, akakalia bidoni tupu
humo humo ndani ya moshi,
akauliza, "Na wewe?"

Sahani ilikuwa imekauka zamani.
Nsimire akazidi kuifuta.