Irabu Mbili

Siku ya tatu Jinja, ghala la chini la ofisi ya wilaya,
nafungua daftari la kumi na nne.
Mchwa wamekula mgongo wake.
Wino umegeuka rangi ya chai iliyolala.

Namtafuta Dramadri,
baba wa babu yangu, mtu wa Maracha,
aliyepandishwa lori akakate miwa
mwezi ambao mtama ulikuwa bado shambani.
Aliacha mke, jembe,
na Adriko, mtoto asiyejua kutambaa.

Kwetu jina halikurithiwa kama kigoda.
Kila mtoto alipewa la kwake, na msiba wake ndani.
Katika jina la huyu mna kifo:
mama yake alikuwa ameshazika watatu,
akaamua kukiita kifo kila asubuhi
kije kinywe uji, kimwachie huyu mmoja.

Karani hakuelezwa hayo.
Karani alikuwa na kalamu, foleni na jua la utosi.

Arua, risiti ya kodi ya kichwa: *Tramadry*,
mwandiko wa Mzungu mwenye haraka ya chakula cha mchana.
Kambi ya miwa, orodha ya posho: *Dharam Adri*.
Mnyapara Mhindi alisikia jina la kwao,
akaliandika kwa herufi nzuri,
na labda, siku hiyo tu, akamwongezea chumvi.

Baada ya hapo, kimya.
Kurasa mia mbili za sensa ya arobaini na nane, kimya.
Nilimkuta Drani mmoja, moyo ukaruka:
miaka kumi na sita, kambini, peke yake.
Nikamnakili pembeni.
Huenda naye ana mtu anayemtafuta.

Shangazi Ajidiru alinipa nauli na neno moja:
"Usiniletee karatasi. Niletee kaburi."

"Mtu wako anaitwa nani hasa?"
Ni Balyeku, kijana wa majalada,
muhogo mkononi, amechoka kunionea huruma.
"Dramadri."
"Di... ra... Diramadiri?"

Ulimi wake haukubali konsonanti mbili
kukalia kiti kimoja;
lazima irabu ijipenyeze katikati,
kama mkwe anayeamulia ugomvi.

"Rudia," nikamwambia.
Akarudia, uso umekunjamana, akidhani namcheka.
Sikuwa nacheka.
Nilikuwa namsikia karani wa arobaini na nane,
mtu wa hapahapa, kinywa cha hapahapa,
akiuliza, akisikia, akiandika alichosikia.
Hakukosea. Aliandika kwa uaminifu
sauti iliyofika sikioni mwake.

Tukaanza upya, ukurasa wa kwanza.
Sasa sikutumia macho.
Balyeku alisoma kwa sauti, nami nilifumba macho,
majina yakipita kama mahindi kwenye ungo,
hadi saa tisa na robo:

*Diramadiri. Mume. Kabila: Lugwari.
Umri: arobaini hivi.
Kazi: mlinzi wa pampu.
Mke: mmoja. Watoto: wanne.*

Wanne.
Nyanya yetu alimwekea chakula miaka kumi na moja.

*Waiswa. Tenywa.* Mapacha, basi.
*Kiiza*, aliyewafuata.
Na wa mwisho, wa miezi minane:
*Adiriko.*

Nilimwomba Balyeku asome tena.
Jina la babu yangu, lenye irabu ileile ya ziada.
Mtoto aliyeachwa hajui kutambaa,
ameitwa mara ya pili,
ng'ambo ya Nile, kwa mama mwingine.
Sijui kama hilo ni usaliti au ni kilio.
Safu ya kulijibu hilo haikuchorwa.

Balyeku akajifuta unga wa muhogo kwenye suruali.
"Bugembe kuna kinu cha mahindi," akasema,
"watu wanasema *kwa Adiriko*.
Sisi tulidhani ni Kisoga cha zamani."

Sikumsahihisha.
Niliomba kalamu yake,
nikaliandika kiganjani,
na irabu zake zote.