Nipe Mji

Jumapili mvua ikitufungia Birere
Mugisho hufunga daftari la picha za pasipoti
na kushusha boksi la viatu.
Ndani mna ndege. Za vita, na zilizo karibu na vita.
Amezipiga kutoka juu ya bati la jirani, miaka kumi na kitu,
kwa kamera iliyookolewa na lava:
mkewe alibeba kamera, yeye akabeba cherehani,
na hadi leo wanabishana nani alichagua vibaya.

Sheria ni fupi.
Kartoni juu ya picha, na katikati ya kartoni
tundu la ukubwa wa kizibo cha Primus.
"Kitendawili!"
"Tega!"
Tundu linatua juu ya gurudumu.

Nzanzu huanza na magurudumu,
yeye fundi wa chukudu, ataanzia wapi tena?
"Manne, mhimili mmoja, mstari mmoja. Iliushini."
Kartoni inaondoka: Iliushini kweli,
tumbo limejaa, kioo chini ya pua
kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Sifa ana miaka kumi na mmoja, huhesabu mapanga.
Manane? Ile helikopta kubwa inayobeba helikopta nyingine.
Matano? Hapo husita,
huomba tundu lisogee kidogo mbele,
akiona vichwa viwili vya kioo, kimoja nyuma ya kingine,
husema jina polepole, kama mtu anayekanyaga makoro bila viatu.

Ukishindwa unatoa mji.
Nzanzu hutoa Paris, kwa kuwa si yake.
Sifa ametoa Moscow mara tatu.
Sake haitolewi. Masisi haitolewi.
Anayetaja Goma ananunua chai ya wote.

Siku hiyo Mama Kahindo aliingia kujikinga,
beseni la sambaza limefunikwa nailoni,
akasimama nyuma yetu akidondosha maji.
"Mnatazama juu tu," akasema.
"Hebu nishushieni hilo tundu."

Mugisho akalishusha hadi pembeni, chini,
palipo na uwanja, ukuta wa mawe meusi, mtoto.
"Huyu ameziba sikio moja, mkono wa pili anapunga.
Antonov. Ya unga.
Ile sufuria hutikisika lakini kifuniko hakianguki."
Kartoni ikaondoka. Antonov.

Nyingine.
"Mbuzi amekaza kamba. Kitenge kimeanikwa nusu,
nusu bado kiko ndani ya beseni. Sukhoi."
Mugisho akacheka kabla hajafunua:
mabawa yamenyooka, kidonge kwenye kila ncha.
Nzanzu akanung'unika kwamba huo si mchezo,
ni uchawi wa Kituku,
akadaiwa mji, akatoa Brussels.

Picha ya mwisho ilikuwa imeganda chini ya boksi.
Tundu likapita juu: nyaya, wingu,
kitu cha kijivu kama jino, kimetikisika.
Tundu likapita chini: beseni, povu bado limesimama,
kandambili moja. Mtu hakuna.
Mama Kahindo akainama karibu
hadi tukanusa samaki kwenye nywele zake.
Hakusema.
"Mugisho, jibu ni nini?"
"Mimi mwenyewe siijui," akasema. "Nilibonyeza tu, nikalala chini."
Halafu kwa mazoea, maskini, ikamtoka:
"Nipeni mji."

Mvua ilikuwa imepungua, tukasikia kila tone peke yake.
Moscow ilikwisha. Paris ilikwisha.
Mama Kahindo akafunua nailoni,
akapima sambaza kwa kikombe, akaongeza kidogo juu ya kipimo.
"Mji sina. Shika hizi. Utalipa Ijumaa."

Nyuma ya kila picha Mugisho huandika kwa penseli
jina la ndege, ili asijidanganye.
Hii ilikuwa tupu. Sifa akaomba penseli,
akaandika kwa mwandiko wake wa shule, herufi zimeegemeana:
*Mtu alikuwa anafua.*