Mkono wa Kushoto

Magauni ya watoto wa Limbani yalitoka yote,
kumi na mbili, yamepigwa pasi ya makaa,
yakapelekwa kwa wenyewe usiku wa kuamkia Idd.
Langu lilibaki na mkono mmoja.

"Kesho, Shinuna, inshallah."

Idd mosi nikakaa nyuma ya mlango
nahesabu viatu vipya vinavyopita.
Idd pili nikasikia pembea kiwanjani,
kwi, kwi,
kama cherehani iliyokosa mafuta.

Usiku nilimsikia mama anazungumza.
Nikadhani baba kaja kutoka Unguja.
Nikachungulia:
mama na cherehani tu,
mguu juu ya kibao, haukanyagi,
anaiuliza,
"Na mie, nani atanishonea?"

Sikumwonea huruma. Nilikuwa na miaka saba.
Nilikuwa na hasira ndogo, ngumu,
mfano wa kokwa ya ubuyu iliyokwisha utamu,
nayo sikuitema.

Idd nne gauni likawa tayari.
Kiwanja kimebaki mashimo ya nguzo za pembea
na mbuzi anatafuna karatasi.
Nikazunguka, nikazunguka, peke yangu,
mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia.

Niliporudi akauliza, "Umefurahi?"
Nikasema ndiyo.
Siku hiyo nilianza kumlea.

Cherehani sasa iko kwangu, Wete.
Kushona sijui.
Usiku mwengine naikanyaga bila ya uzi,
na mwanangu, chumba cha pili,
anadhani nina mgeni.