Mfupa wa Kuazima

Teke la Boukje lilinipata kabla hakujapambazuka,
Februari, mfereji umeganda, kofia imenishuka machoni.
Meno matatu yakatumbukia kwenye ndoo ya maziwa.
Miaka tisa nilimlisha kwa mkono wangu.
Kumbe si punda peke yake ajuaye kushukuru.

Jeltje aliyachuja kwa kitambaa cha jibini,
akayafunga kwenye leso, hakusema ayaweka wapi.

Nikaishi na pengo miaka kumi na saba,
nikitafuna upande mmoja kama mtu anayeficha siri,
na taya, lisilopewa kazi,
likaanza kujila.

"Mfupa usiotumwa huondoka," alisema Daktari Hylkema,
huko Leeuwarden, akinionyesha picha:
ukingo mwembamba, mdomo wa kikombe.
"Skrubu haisimami hapa, Oebele.
Babu zako walifukuza bahari
wakapata ardhi ndipo wakajenga nyumba.
Nasi tuanze na ardhi."

Nikauliza, mfupa wenyewe wa nani?

"Wa ng'ombe. Umechomwa, umesafishwa,
umebaki chembechembe kama chumvi ya mawe."

Nilicheka hadi mate yakanichuruzika
upande ule uliokwisha kufa ganzi.

Sasa nakunywa supu vuguvugu.
Nimekatazwa kupenga kamasi kwa nguvu,
nimekatazwa sigara, nimekatazwa kugusa nyuzi kwa ulimi;
ulimi nao, kama mtoto, unakwenda palepale.
Miezi sita, alisema. Huwezi kuuharakisha.
Ndani humo kuna kitu kigeni
kinajifunza kuwa mimi.

Siku tuliyomzika Jeltje, Novemba,
kila aliyenipa mkono alisema
pengo lake halitazibika.
Sikubishana.
Jioni nikafungua droo yake ya soksi
nikaikuta leso, fundo gumu, na ndani yake
meno yangu, manjano, madogo kuliko nilivyoyakumbuka.
Ndiyo maana nilipiga simu kwa daktari. Au labda siyo.

Siku hizi mashine ya Ype ndiyo inayokamua.
Mimi naingia zizini bila kazi,
nasimama karibu na mjukuu wa Boukje,
yule mwenye doa jeupe shingoni.
Ananitazama, anatafuna, anatafuna.
Naweka kiganja shavuni, palipovimba bado,
namwambia: taratibu, ndugu yangu.

Kisha nasogea hatua moja,
mbali na mguu wa nyuma.