Onyesho la Arobaini na Moja

Edwin Thackley, mwana wa fundi bomba wa Keighley,
alianza kwa kuvuta nyaya studio ya Leeds,
mita mia begani, akizikunja taratibu
kama anayelaza mtoto asiye wake.

Mimi nilikuwa na saa ya sekunde na penseli.
Kazi yangu ilikuwa kukumbuka:
chai ilibaki nusu kikombe, au robo?
sigara iliungua hadi wapi? mkono upi ulifungua mlango?
Miaka thelathini na miwili nilimkumbukia.

Walimpa tamthilia ya hospitali, Jumanne usiku,
kuta za mbao nyembamba, damu ya sharubati,
vipindi sitini na vinne. Kisha kituo kikavifuta
ili kanda zile zipate kurekodi snuka.
Akavuta kiti, akala sandwichi yake yote.
"Hilda," akasema, "hata ubao wa darasani hufutwa,
na watoto wamekwisha soma."

Sinema alipewa moja tu.
Januari, nyika za Yorkshire, stesheni iliyofungwa,
mwanamke anangoja treni ambayo sote twajua haiji.
London waliionyesha siku tisa.
Mhakiki mmoja aliandika: mvua imezidi.
Edwin alikata kipande kile cha gazeti
akakitia pochini, na humo kikachakaa
hadi likabaki neno mvua.

Baada ya hapo, wapelelezi wa kila namna,
tangazo la mchuzi, farasi aliyegoma kuvuka kijito
mara kumi na saba, na kila mara Edwin akamwomba radhi.
Halafu simu ikapunguza kulia.

Juzi tumemzika. Kasisi alikosea jina la tamthilia;
mafundi taa wawili wakakohoa kumsahihisha.

Sasa nami niseme, kwa kuwa hayupo wa kunifukuza kazi:
onyesho la arobaini na moja,
skafu ya yule mwanamke iko bega la kushoto;
akigeuka, iko la kulia.
Niliona. Penseli ilikuwa mkononi.
Lakini mwanga ulikuwa umebakiza dakika nne,
na Edwin, aliyelowa hadi soksi,
alikuwa anatabasamu nyuma ya kamera
kwa namna ambayo sikuwahi kuiandika popote,
kwa hiyo nisingejua kumwomba airudie.

Nikaandika: sawa.