Haja Ndogo

Elkana,
uliniuliza jana pale kwenye kinu cha kusaga,
macho yako yakiwa kwenye viatu:
kule wanafanya nini, na je, inauma?
Palikuwa na foleni ya akina mama. Nikakohoa tu.
Sasa nakujibu kwa karatasi.

Haja ndogo, ndivyo tulivyofundishwa kuiita,
na kwa miaka sitini na moja ilikuwa ndogo kweli.
Siku ilipotoka nyekundu
nilisingizia jua la Kano.
Mara ya pili nikasingizia kichocho,
nikameza vidonge vya shule vya mjukuu.
Miezi minne nilisingizia.
Wewe usifanye hivyo.

Wataanza na kamera.
Ndiyo, pale pale unapopafikiria.
Kuna ganzi, baridi na utelezi kama mrenda,
na daktari, kijana, atakuonyesha kwenye skrini
kibofu chako mwenyewe, chekundu kama ndani ya shavu,
na kitu kimeota ukutani mithili ya uyoga.
"Huyu hapa," akasema,
kana kwamba tunatambulishwa kwenye harusi.

Wakakikwangua nimelala. Nikaamka na mpira,
na mfuko wenye rangi ya maji yaliyooshewa nyama.
Siku tatu Truphosa aliubeba nyuma yangu
kwenye korido za Russia
kama anavyobeba mkoba wake wa kanisani.

Halafu wiki sita, kila Jumatano.
Dawa yenyewe mnajuana: ni ile chanjo ya kifua kikuu
iliyotuachia kovu mkononi.
Sikuamini. Sista Kerubo akanikunja shati,
akaligusa kovu kwa kidole, akacheka.

Anaipitisha kwa mpira, dakika chache,
kisha anakwambia: shika, saa mbili.
Si saa mbili ya kwenye ukuta, Elkana.
Kifudifudi, ubavu, chali, ubavu,
kila robo saa unageuzwa kama chapati.

Miaka ishirini na minane nilishika funguo
za malango ya mfereji, mashamba ya mpunga, Ahero.
Niliwafungia watu maji kwa zamu.
Walinilaani, walinibembeleza, waliniletea kuku.
Niliijua sauti ya maji yakisukuma chuma usiku.
Sikujua chuma kinasikiaje.

Nyumbani utakaa kukojoa, saa sita nzima,
na kila ukimaliza umwage Jiki chooni,
usubiri robo saa kabla ya kusukuma maji.
Mwambie mkeo sababu.
Mimi sikumwambia wangu, akadhani naficha harufu ya chang'aa.
Itachoma, kama mtu aliyekata pilipili
akasahau kunawa.
Usiku utatetemeka chini ya blanketi mbili.
Homa ikigoma kushuka, usingoje kupambazuke;
uanaume hautibu homa ile.

Jumatano ya nne dawa ilikuwa imeisha.
Tulikuwa watano kwenye benchi, tumefunga kunywa maji tangu usiku,
Nyangweso wa Muhoroni ameuza mbuzi apate nauli.
Tukarudishwa.
Hakuna aliyenionya kwamba nitaumia moyo
kwa kukosa kitu ninachokichukia.

Kamera ya miezi mitatu ilikuta pasafi.
Ya mwezi wa kumi sijui.
Daktari hasemi "umepona," anasema "tutaonana,"
nami nimejifunza kumwitikia
bila kuitafuna sana kauli yake.

Kuna usiku naamka, haja imenibana,
natembea gizani hadi chooni, nakaa,
naisikiliza ikitoka. Sauti tu.
Sijawasha taa bado.
Dakika ile, kabla ya kuwasha,
siwezi kukuandikia ilivyo. Utaijua.

Jumatano nitakuwa kwenye benchi saa moja asubuhi,
hata kama si zamu yangu.
Nitakuhesabia robo saa.
Usinywe chai.
Vaa viatu visivyo na kamba;
vile ulivyokuwa ukivitazama vitafaa.